Miguu Yawaka Leo, Kesho Kimya: Mwongozo wa Kuishi na Maumivu ya Neva ya Kisukari

Maswali huja yale yale. Mbona jana usiku nyayo ziliwaka moto hadi alfajiri, na leo hamna kitu? Kama leo hamna kitu, vidonge niache? Na sukari imeshuka vizuri, mbona miguu ndiyo kwanza yazidi kuchoma?

Mwongozo huu ni wa mwenye kisukari cha aina ya pili ambaye ameshapimwa na kuambiwa kwamba neva za miguu zimeathirika, na anaishi Mombasa au mji wowote wenye joto na unyevu wa aina hiyo. Kama hujapimwa miguu na mtaalamu, anzia huko. Miguu kuwaka kuna sababu nyingi na kisukari ni moja tu.

Kabla ya hatua ya kwanza, elewa jambo moja. Neva iliyoumia huleta vitu viwili tofauti: maumivu (moto, sindano, shoti za umeme, kama siafu watembea ndani ya ngozi) na ganzi. Maumivu hupanda na kushuka kwa siku, hata kwa saa. Ganzi haina mchezo huo. Ikishaingia huelekea kukaa. Kwa hivyo siku isiyo na maumivu haikuambii kama mguu u salama. Yawezekana neva imetulia, na yawezekana imekufa. Hatua ya 2 ndiyo inayotenganisha haya mawili, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mashine ya kupimia sukari na stripi ambazo muda wake haujapita. Stripi zikae ndani ya kichupa chake na kifuniko kifungwe papo hapo. Unyevu wa pwani huziharibu upesi, na stripi iliyoharibika hutoa namba ya uongo.
- Daftari dogo na kalamu. Simu pia yafaa, lakini daktari mwenye foleni mlangoni hupitia daftari haraka kuliko simu yako.
- Kioo cha mkono cha kutazamia nyayo, na tochi.
- Mafuta ya mgando na kitambaa laini cha pamba cha kukaushia vidole.
- Soksi za pamba, nyeupe au za rangi ya maziwa, zisizobana juu. Soksi nyeusi huficha damu na usaha.
- Viatu vinavyofunika vidole.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali, za duka la dawa na za mitishamba, pamoja na vipimo vyake.
- Mtu mmoja wa nyumbani wa kukusaidia mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 1: Weka daftari la siku 14

Kila siku andika maumivu kwa namba, 0 hadi 10, mara tatu: asubuhi, alasiri, na kabla ya kulala. Ukiamshwa usiku andika saa uliyoamka. Ongeza sukari (namba zote za sukari humu ni za mmol/L), ulichokula, saa uliyomeza dawa, viatu ulivyovaa, na kama ulisimama au kutembea sana.

Mstari wa siku moja uwe namna hii:

"Jumanne. Asubuhi 3, alasiri 2, kulala 7. Sukari kabla ya kula 8.4. Mahamri mawili na mbaazi. Mchana wali wa nazi na samaki. Usiku chapati mbili. Kidonge cha usiku saa tano, kimechelewa. Makubadhi kutwa nzima. Nimeamka saa nane."

Stripi ni ghali, kwa hivyo usijitese kupima mara nne kwa siku kama daktari hajasema. Zungusha: leo pima asubuhi kabla ya kula, kesho masaa mawili baada ya chakula cha mchana, keshokutwa masaa mawili baada ya chakula cha usiku. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa. Mtu aliyetoka kumenya embe anaweza kuona 14 kwenye mashine hali damu yake ni 8. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu katikati huuma zaidi na ndipo unapogusia vitu.

Kosa la kawaida ni kuandika siku mbaya tu. Siku njema zina habari nyingi zaidi, maana ndizo zinazoonyesha ni kitu gani hukufanya.

Siku 14 zikiisha, soma kwa kwenda chini, safu moja moja. Tazama siku zilizofuata dozi iliyosahauliwa. Tazama siku za kusimama sana: foleni ya feri ya Likoni, arusi, zamu ya kuuza dukani. Tazama siku ambazo sukari iliruka kutoka 5 asubuhi hadi 15 jioni. Tazama usiku uliolala masaa manne. Usitarajie namba ya leo ya sukari ieleze maumivu ya leo. Neva haifanyi kazi kwa ratiba hiyo, na wapo watakaosoma daftari lote wasione uhusiano wowote na sukari. Hilo nalo ni jibu: labda kwako kinachosukuma maumivu ni usingizi, viatu au saa ya dawa.

Hatua ya 2: Pima ganzi kwa kidole, mara moja kwa mwezi

Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na huchukua dakika mbili.

1. Lala chali au keti na miguu juu ya kitanda, bila soksi. Fumba macho.
2. Msaidizi akwambie mguu upi ni wa kulia na upi ni wa kushoto kwa kuugusa, ili msichanganye.
3. Kwa ncha ya kidole cha shahada aguse kidole chako kimoja cha mguu, kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asigonge, asipapase.
4. Unapohisi, sema "kulia" au "kushoto".
5. Avipitie vidole sita kwa mpangilio huu: kidole gumba cha kulia, kidole kidogo cha kulia, gumba cha kushoto, kidogo cha kushoto, cha katikati cha kulia, cha katikati cha kushoto.
6. Kila kidole kiguswe mara moja tu. Usipohisi, asirudie, aandike "hapana".

Ukikosa kuhisi vidole viwili au zaidi kati ya sita, miguu yako iko hatarini kupata kidonda bila wewe kujua, hata kama haikuumi kabisa. Pangia safari ya kliniki ya miguu wakapime kwa uzi wao maalumu.

Msaidizi mwenye huruma hubonyeza. Mwambie mapema: kubonyeza kunafurahisha mgonjwa na kuharibu kipimo.

Sasa linganisha na daftari. Maumivu yamepungua na vidole vyote sita bado vyahisi: hali imetulia, endelea. Maumivu yamepungua na mwezi huu vidole vitatu havihisi ilhali mwezi uliopita vilihisi: huo si uponaji. Nenda kliniki, na hatua ya 3 usiikose hata siku moja.

Hatua ya 3: Kagua miguu kila siku, hasa siku isiyouma

Chagua wakati usiobadilika. Kwa wengi, baada ya Isha ndio rahisi, maana shughuli zimekwisha na taa ziko.

1. Tazama juu ya mguu, ubavuni, kisigino, kisha wayo kwa kioo. Pitisha vidole vya mkono katikati ya kila kidole cha mguu. Asiyeona vizuri amwite mtu. Macho ya mwenye kisukari yenyewe huwa na matatizo.
2. Weka kiganja juu ya kila mguu. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, andika na utazame tena kesho asubuhi. Ukiwa na joto na umevimba, usingoje kesho.
3. Osha kwa maji ya uvuguvugu. Joto pima kwa kiwiko, si kwa mguu. Usiloweke.
4. Kausha katikati ya vidole. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku ana faida ya miguu misafi na hasara ya vidole visivyokauka, na mahali penye maji siku nzima ndipo kuvu huota na ngozi kupasuka. Beba kitambaa chako mfukoni hadi msikitini.
5. Paka mafuta ya mgando juu, chini na kisigino. Katikati ya vidole usipake.
6. Kucha kata kwa mstari ulionyooka, usichimbe pembe. Magaga yasugue kwa jiwe laini na mkono mwepesi, kisha mafuta. Wembe usiguse wayo.

Yapo mambo matatu ya huku kwetu ambayo vijitabu vya hospitali husahau. La kwanza, hina. Hina ya kawaida haina shida kubwa, lakini ikikolea nyayoni huficha wekundu na weusi wa ngozi, ambao ndio unautafuta. Piko jeusi lenye kemikali ya kutia nywele rangi liache kabisa miguuni: laweza kuunguza ngozi, na ngozi yenye ganzi haitakuonya. La pili, ekzosi ya bodaboda. Shavu la mguu likigusa bomba lile, asiye na ganzi huruka. Mwenye ganzi hugundua lengelenge nyumbani. Panda na kushuka upande usio na bomba. La tatu, sakafu na mchanga wa jua kali. Ua wa msikiti saa saba mchana na mchanga wa ufuoni huunguza nyayo kwa dakika chache. Kwenye ua vaa soksi nene. Ufuoni vaa viatu, hata majini, kwa sababu ya miamba na miiba.

Hatua ya 4: Viatu

Kandambili na makubadhi ni vazi la nyumbani la pwani, lakini mkanda wake unaopita katikati ya vidole husugua pale pale penye ngozi laini, na mbele viko wazi. Ndani ya nyumba vaa ndara zenye mkanda mpana unaopita juu ya mguu. Usitembee pekupeku hata kutoka kitandani hadi msalani.

Kununua, fanya hivi: simama juu ya boksi au karatasi ngumu, chora mguu wako, kata umbo hilo, nenda nalo. Liingize ndani ya kiatu. Likijikunja, kiatu ni chembamba hata kama muuzaji aapa kitatanuka. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Viatu vya mitumba vya soko la Kongowea ni sawa kama soli ya ndani haijabonyea kwa umbo la mguu wa mwenye nacho wa kwanza. Ikibonyea, badili soli ya ndani au acha.

Kiatu kipya vaa saa moja siku ya kwanza, vua, kagua. Ongeza polepole. Na kila unapovaa, kiatu chochote kile, kikung'ute na upitishe mkono ndani. Kokoto, kifuniko cha soda na sindano ya kushonea vyote vimewahi kutembelewa kutwa nzima na watu wenye ganzi.

Hatua ya 5: Tuliza sukari, lakini usiiporomoshe

Malengo ya wengi ni 4 hadi 7 kabla ya kula, chini ya 10 masaa mawili baada ya kula, na HbA1c (kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu) karibu asilimia 7. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, huenda akapewa malengo mapana zaidi. Fuata ya daktari wako.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la tatu lililotajwa juu. Sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa ghafla, kwa insulini, kwa vidonge au kwa kujinyima chakula, neva zaweza kuwaka vikali katika wiki za mwanzo. Hatari huongezeka HbA1c ikishuka kwa zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi mitatu, kwa mfano kutoka 12 hadi 8. Mgonjwa huona insulini ndiyo sumu, huiacha, na hurudi nyuma kuliko alikoanza. Insulini isiachwe. Mwambie daktari lini ulianza na maumivu yalianza lini, ili kasi ipunguzwe na maumivu yapewe dawa yake. Hali hii kwa kawaida hutulia baada ya miezi. Omba na macho yakaguliwe wakati huo, kwa kuwa nayo huweza kuathirika kwa kushuka kwa ghafla.

Chakula: si lazima uhame meza ya Kiswahili. Gawa sahani: nusu mboga (mchicha, bamia, kachumbari), robo samaki, kuku au kunde, robo wali au chapati au muhogo. Tatizo kubwa la Mombasa ni vya katikati: mahamri ya asubuhi, viazi karai vya saa kumi, kahawa chungu inayofuatwa na kashata au halua, juisi ya miwa, ukwaju uliotiwa sukari. Madafu si maji. Yana sukari yake, na mwenye figo dhaifu aulize kwanza kwa sababu yana potasiamu nyingi. Mnazi na pombe nyingine huumiza neva zenyewe, sukari iwe juu au chini. Miraa na muguka hukata usingizi, na mara nyingi huteremshwa kwa soda.

Omba vilevile kipimo cha vitamini B12. Metformin (kidonge cha kawaida cha sukari) ikitumika kwa miaka mingi hupunguza B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi na moto unaofanana kabisa na wa kisukari. Walio hatarini zaidi ni wenye dozi kubwa, wanaotumia omeprazole (dawa ya asidi ya tumbo) kwa muda mrefu, na wasiokula nyama, samaki wala maziwa. Upungufu ukipatikana, hutibika. Usiache metformin kwa ajili hiyo.

Hatua ya 6: Dawa za maumivu ya neva

Paracetamol husaidia kidogo sana hapa. Diclofenac na ibuprofen, ambazo kila duka la dawa litakupa bila maswali, hazitibu maumivu ya neva na huumiza figo ambazo kisukari tayari kinazinyemelea.

Dawa zinazotumika ni hizi, na zote ni za kuandikiwa:

- Amitriptyline, kwa kawaida huanza na miligramu 10 au 25 usiku na kupandishwa polepole. Hukausha mdomo, hufunga choo, huleta usingizi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume inayoziba mkojo aseme kabla.
- Pregabalin au gabapentin. Huanza chini na kupanda. Dozi hupimwa kwa hali ya figo, kwa hivyo nenda na majibu yako ya karibuni ya damu. Zaweza kuvimbisha miguu na kuongeza uzito.
- Duloxetine, kwa kawaida miligramu 30 kisha 60.

Namna ya kuzitumia:

1. Meza kila siku, iume isiume. Dawa hizi hazifanyi kazi kama panadol ya kichwa. Kumeza siku ya maumivu tu ndiyo njia ya uhakika ya kupata madhara yake bila faida yake.
2. Amitriptyline imeze saa mbili au saa tatu za usiku, si wakati wa kuzima taa. Ukiimeza saa sita, utaamka alfajiri na kichwa kizito na utaona dawa haikufai.
3. Ipe muda. Wiki mbili si kipimo. Wiki sita hadi nane, zikiwemo za dozi kamili unayoivumilia, ndizo zinazotosha kusema imefaa au haikufaa.
4. Weka lengo la kweli. Maumivu ya 8 yakishuka hadi 4 na ukalala, dawa imefanya kazi. Kuyafikisha 0 ni nadra.
5. Usiache ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa maelekezo.
6. Usiongeze tramadol (dawa kali ya maumivu) ya jirani. Ikichanganywa na amitriptyline au duloxetine yaweza kuleta hatari kubwa, na yenyewe hujenga uraibu.

Karatasi ya ndani ya amitriptyline na duloxetine husema ni dawa za sonona. Basi nyumba nzima huanza kunong'ona kwamba umepewa dawa ya wazimu. Dozi ya neva ya amitriptyline huwa ndogo kuliko ya sonona, ya duloxetine hufanana nayo, na zote mbili hutuliza ishara za maumivu. Waambie hivyo na umeze.

Sindano na vidonge vya vitamini B mchanganyiko vina nafasi kama una upungufu. Kuvimeza kwa miezi bila kupimwa kuna ubaya wake: vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zile zile.

Hatua ya 7: Usiku maumivu yakipanda

1. Washa taa, kagua miguu. Maumivu mapya mahali pamoja tu yaweza kuwa kidonda au mwiba.
2. Pima sukari. Ikiwa chini ya 4, tibu hiyo kwanza: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15.
3. Ondoa kinachogusa vidole. Chandarua kilichochomekwa kwa kubana na shuka nzito vyatosha kuamsha mtu. Weka boksi au mto mgumu mwishoni mwa godoro ili shuka isimame juu ya miguu, au jifunike leso moja nyepesi.
4. Funga kitambaa kilicholowa maji ya kawaida kwa dakika 10, kisha kausha. Barafu hapana, ya friji wala ya samaki. Miguu yenye ganzi huungua kwa baridi pia.
5. Vaa ndara, tembea chumbani dakika tano.
6. Usirudie dozi. Andika saa na namba, daktari ataihitaji.

Inuka polepole: keti ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama. Kisukari na dawa hizi vyote vyaweza kushusha presha ghafla, na hivyo ndivyo watu huanguka wakienda msalani au wakiinuka kutoka sijda.

Hatua ya 8: Mwendo

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, zikigawanywa hata kwa kumi kumi baada ya chakula. Kwa wa Mombasa, ufukwe wa Mama Ngina alfajiri au jioni unafaa, ukiwa na viatu vilivyofungwa. Wiki ya maumivu makali, keti kitini uinue visigino na vidole kwa zamu, mara 20. Mwenye kidonda au mguu uliovimba asitembee kwa mazoezi.

Ramadhani

Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, wala si siku ya kwanza ya saumu. Dozi za dawa za sukari hupangwa upya kati ya futari na daku, na wengine huambiwa wasifunge. Ukifunga, pima mchana. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, fungua. Futuru kwa tende moja hadi tatu na maji. Kaimati zilizochovywa shira na vibibi vya sukari ndivyo vinavyorusha namba usiku. Dawa ya neva ya usiku ipangiwe baada ya tarawehe, na mwambie daktari saa unazoamkia daku.

Mambo yakienda kombo

*Dawa ilifaa miezi minne, sasa haifai.* Kwanza angalia daftari kama dozi hurukwa. Kisha sukari, figo, B12 na tezi ya shingo vipimwe kabla ya kudai dawa mpya.

*Maumivu yako mguu mmoja tu.* Neva za kisukari huanza vidoleni, miguu yote miwili, na kupanda kama soksi. Upande mmoja huelekeza kwingine: mgongo, mshipa wa damu, jeraha. Kapimwe.

*Shavu la mguu huuma nikitembea na huacha nikisimama.* Hiyo ni dalili ya damu kutofika vizuri mguuni. Ni kliniki ya wiki hii.

*Mguu umevimba, ni mwekundu na una joto, lakini hauumi sana.* Usiukanyage. Mifupa ya mguu wenye ganzi yaweza kuvunjika na kuporomoka bila maumivu makubwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usafirishwe, usitembee.

*Kidonda, lengelenge, kidole cheusi, harufu, au homa.* Siku hiyo hiyo. Usipake dawa ya meno, majivu, wala mafuta ya taa. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, nenda.

*Mikono nayo imeanza.* Ikiwa ganzi ya miguu imeshapanda hadi karibu na magoti, yaweza kuwa ni mwendo wa ugonjwa. Ikianza mikononi kabla ya hapo, au nguvu za mguu zikapotea ghafla, au haja zikakushinda kuzuia, hilo si la kungoja tarehe ya kliniki.

*Nimeambiwa niloweke miguu kwenye maji moto ya chumvi.* Hapana. Chupa ya maji moto na dawa za kuchua zenye moto pia hapana.

*Natumia mwarobaini au mlonge.* Sema kwa daktari, kwa majina na kiasi. Zikichanganyika na vidonge vya sukari zaweza kuishusha mno, na yeye akaongeza au kupunguza dozi bila kujua sababu.

*Natumia dawa za TB.* Isoniazid yaweza kuumiza neva; uliza kama umepewa pyridoxine (vitamini B6) pamoja nayo.

*Daktari ana dakika tano.* Mpe vitu vitatu tu: daftari la siku 14, idadi ya vidole visivyohisi mwezi huu na mwezi uliopita, na orodha ya dawa. Vua viatu na soksi kabla ya kuitwa ndani, ili asipate nafasi ya kusema ataitazama miguu safari ijayo.